Pinusi ya Juu, Pinusi ya Chini

Mimi shule nilikaa siku mbili. Siku ya kwanza nilienda, siku ya pili nilirudi kuchukua kofia niliyoisahau. Kwa hiyo haya nayasema kwa mdomo, binti yangu ndiye anaandika, na akiona nimezidisha ana ruhusa ya kupunguza. Ila miti nimemwambia asiiguse. Miti ilikuwa mirefu vile vile ninavyosema.

Nataka kueleza habari ya pinusi mbili. Najua mtu wa Kigali ukimwonyesha pinusi atakwambia hii ni pinusi, basi, maneno yamekwisha. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka pinusi ikanivunjia heshima mtaa mzima wa Rwezamenyo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Kaskazini kulikuwa na vita, redio ilikuwa inasema hili na lile, lakini mjini watu walikuwa bado wanaoa na kuolewa, na anayeolewa anataka kabati. Mimi nilikuwa fundi kijana kwenye karakana ya mzee mmoja, tulikuwa tunamwita patroni. Jirani yetu alinipa kazi ya kabati la binti yake. Nikatafuta mbao za pinusi, nikapiga randa, nikapaka vanishi, nikajisifu wiki nzima. Likang'aa kabati lile mpaka paka wa pale kwao akawa anapigana na picha yake mwenyewe.

Halafu jua likawaka. Kabati likaanza kulia.

Sikutanii. Ulimbo ulitoka kwenye mbao matone kwa matone, wa njano kama asali, ukashuka kwenye rafu, ukaingia kwenye nguo. Bibi harusi akivuta gauni, gauni linakuja na rafu. Watu walisema bwana harusi alivaa suruali iliyonatwa na kipande cha mbao akaenda nacho mpaka msikitini. Hiyo mimi sikuiona, lakini nimeisimulia mara nyingi mpaka nimeanza kuikumbuka.

Tangu siku hiyo nikipita barabarani watu walikuwa wananipa leso. "Shika, fundi, lipelekee kabati lako lijifute." Muuza nyama alinipa leso. Imamu mwenyewe, mtu wa heshima kabisa, alitia mkono mfukoni, akanitazama, akautoa bila kitu, lakini nilijua alikuwa anatafuta leso.

Sasa, mimi nilikuwa na dada yangu mkubwa. Mama yetu alifariki nikiwa bado sijaota meno yote, na dada ndiye aliyeniogesha, akanilisha, akamdanganya mwalimu kwamba naumwa miaka sita mfululizo. Alikuwa anauza sambusa mlangoni kwetu. Mafuta yakiwa yanapata moto, mikono yake haikai bure: anafuma vitambaa vya kroshe, uzi mweupe kama maziwa. Kitambaa kimoja kilimchukua miezi minne, mitano. Alifuma vinane. Miaka mitatu, unga mkono mmoja, uzi mkono mwingine, na hakuna hata doa moja la mafuta. Mpaka leo sielewi aliwezaje. Mimi nikitazama tu sambusa, shati langu linachafuka.

Dada akachumbiwa na mtu wa Kicukiro. Harusi ikapangwa baada ya Idi. Na kwetu kabati la bibi harusi halisafiri likiwa limefungwa. Linapakiwa kwenye gari milango ikiwa wazi, vitambaa vimetandikwa kwenye rafu, mtaa wote unaona. Likifika, shangazi wa bwana harusi anasimama mbele yake, anapitisha mkono rafu kwa rafu mbele ya watu. Hapo ndipo wanajua wamemwoa binti wa namna gani.

Nikamwambia, "Dada, kabati nitakutengenezea mimi."

Akageuza sambusa. "Wewe?"

"Mimi."

"Lile linalolia?"

"Dada, hili litacheka."

"Mdogo wangu, mimi kabati la kulia sitaki, na la kucheka sitaki. Nataka kabati likae kimya."

Nikamwomba siku tisa. Siku ya kumi akaweka mwiko chini, akanitazama usoni. "Sawa, tengeneza. Lakini nisikilize. Vitambaa hivi ndiyo kitu peke yake natoka nacho kwa mama yetu. Uzi wa kwanza ulikuwa wake. Kitambaa kimoja kikinata, usije kwangu Kicukiro. Nikikukuta barabarani nitakusalimia, habari yako, kama mtu na mtu."

Afadhali angenipiga na mwiko.

Nikaenda kwa patroni. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, goti limevimba kama papai, hawezi hata kuvuka barabara. Ujana wake alifanya kazi kwenye misitu ya kupandwa huko milimani magharibi, alijua miti kuliko watoto wake. Nikamwambia nataka kuchagua mti mwenyewe, ungali umesimama, nisiuziwe mbao za kulia tena.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Pinusi ziko nyingi duniani, lakini zitakazokusumbua wewe ni mbili. Iko mpole na iko mliaji. Mpole, sindano zake ni laini, zinaning'inia kama nywele za mtu aliyenyeshewa. Mliaji, zake ni ngumu, zinasimama kama ufagio. Chomoa fungu moja la sindano, uhesabu. Mpole ana tatu. Mliaji ana mbili."

"Mpole tatu, mliaji mbili."

"Ila mliaji mara nyingine ana tatu."

"Tatu?"

"Na mpole mara nyingine ana nne."

"Patroni, sasa nita..."

"Usinikatize, goti linauma. Tazama matunda yake, yale magumu kama nanasi la mbao. Mliaji anayadondosha. Yana kikonyo, yanang'aa kama umeyapaka vanishi. Mpole hadondoshi. Anayashika kwenye tawi miaka na miaka, yamejipinda, yamebana, hayana kikonyo. Ukiona matunda yako chini, kimbia. Na tazama gamba huko juu, la mpole ni jekundu jekundu, linabanduka."

Nikasema nimeelewa. Nikashuka Kinamba, nikaanza kupanda Gisozi, na katikati ya mlima lile neno la gamba lilikuwa limeshanidondoka. Nilibaki na sindano na matunda.

Gisozi ya wakati ule haikuwa hii ya leo. Nyumba zilikuwa chache, miti mingi, na mteremko wake, Mungu wangu. Kuku akitaga yai juu kule, kifaranga kinaanguliwa bondeni. Mke akimwita mumewe aje kula, yeye anateremka kwa ghafla mpaka anapita nyumba, chakula wanampelekea bonde la pili. Huko alikuwa anakaa mukecuru mmoja, mama mzee, mjane, ana pinusi zake. Zilikuwa makundi mawili: kundi moja juu ya nyumba, kundi jingine chini ya nyumba. Katikati kuna njia nyembamba na shamba la maharage.

Nikamsalimia, nikaeleza shida yangu. Tukakubaliana: mimi nachukua mti mmoja, yeye anabaki na matawi, nami namtengenezea kigoda na benchi.

"Mukecuru," nikauliza, "mpole ni ipi hapa?"

"Mpole?"

"Pinusi isiyolia."

Akanitazama kama nimetoka hospitali bila ruhusa. "Kijana wangu, iko miti ya juu, iko miti ya chini. Ya juu mume wangu alipanda kwanza, ile miche walipewa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Ya chini alipanda nyuma, miche ya mahali pengine. Agronomu, bwana shamba, alikuja akasema hizi ni aina mbili. Majina alisema. Mimi nilikuwa nabeba maji, sikushika majina."

"Na zinafanana?"

"Wewe uko na macho, tazama."

Nikatazama. Zilifanana kama mapacha waliovalishwa nguo moja. Upepo ukivuma, sindano zote zinaning'inia. Upepo ukiacha, zote zinasimama. Nilikaa nimeinua kichwa mpaka shingo ikakakamaa, mukecuru akanipa uji nikaunywa nikiwa natazama mbinguni.

Nikaanza kuhesabu. Mti wa juu: tatu. Mbili. Tatu. Tatu. Mbili. Mti wa chini: tatu. Tatu. Nne. Tatu. Tatu. Nikakaa chini kufikiri. Wa juu ana mbili, mbili ni mliaji. Lakini ana tatu pia, tatu ni mpole. Labda zile mbili zilikuwa tatu, moja imepotea njiani nikichomoa. Wa chini ana tatu, basi ni mpole. Lakini patroni amesema mliaji mara nyingine ana tatu. Na ile nne? Labda ni mliaji wa mbili na mbili zimeshikana! Nilihesabu kutoka asubuhi mpaka jua limesimama utosini, mapajani nina lundo la sindano kama kinyozi wa miti, mpaka nikahesabu vidole vyangu nione kama bado ni kumi. Vilikuwa kumi. Hilo tu ndilo nilikuwa na uhakika nalo siku ile.

Ndipo nikakumbuka matunda.

Nikaenda kwenye miti ya chini. Ya Rabi! Matunda yamejaa ardhini, yanang'aa, kila moja na kikonyo chake, ukikanyaga unateleza. Nikapanda kwenye miti ya juu. Chini yake hakuna kitu. Sindano zimetandazwa safi kama mkeka wa msikiti, hata tunda moja hakuna. Nikacheka peke yangu. Ee, kumbe rahisi hivi! Miti ya chini inadondosha, ndiyo mliaji. Miti ya juu haidondoshi, ndiyo mpole. Patroni na sindano zake alikuwa ananichosha bure.

Nikaweka alama kwenye mti wa juu, mnyoofu, mrefu kiasi kwamba mawingu yalikuwa yanapinda kona kuupita.

Mukecuru akaja na kikapu chake. "Umechagua huo?"

"Huu huu."

"Sawa. Fundi ni wewe."

Wapasuaji wawili wakauangusha, wakapasua mbao pale pale mlimani, tukazibeba kichwani mpaka Rwezamenyo. Njia nzima nilikuwa naimba. Watu wa leso waliniona, nikawaambia waziweke, watazihitaji kwa furaha siku ya harusi.

Mbao zikakaa kivulini, kisha patroni akasema, "Kabla hujapiga msumari, zipandishe kwenye mabati saa sita mchana. Mti unaweza kumdanganya mtu, jua haulidanganyi."

Nikazipandisha. Dada naye siku hiyo alikuwa ametuletea sambusa, akasimama na sahani, kanga ameivuta kichwani kujikinga na jua. Tukawa tunatazama juu sote watatu. Saa saba, tone moja. Nikasema ni jasho. Saa saba na nusu, mabati yote yanang'aa njano, ulimbo unatiririka kwenye mifereji yake. Nzi mmoja akatua, ndiyo ikawa safari yake ya mwisho.

Dada akaweka sahani chini. Akapanda kwenye kigoda, akagusa ubao mmoja kwa kidole. Kidole kikanata. Akakivuta, akaja kwangu, akakifuta kwenye shati langu, kifuani hapa, polepole. Akaondoka.

"Mbona nilichagua mpole!" nikamlilia patroni. "Matunda yote yalikuwa chini ya ule mwingine!"

"Basi mti unakosea," akasema patroni. "Nenda ukaukaripie."

Zilibaki wiki tatu na siku chache. Kesho yake asubuhi niko Gisozi tena, nimekaa chini ya miti ya juu, kichwa mikononi. Sikuwa naelewa kitu chochote. Sindano zilinichanganya, matunda yalinichanganya, mpaka nikaanza kuwa na shaka kama juu ni juu.

Upepo ukavuma kidogo. Pu! Kitu kikaanguka karibu na mguu wangu. Tunda la pinusi. Lenye kikonyo. Linang'aa. Nikanyoosha mkono kulichukua na lenyewe likaanza kuondoka. Likabiringika. Nikainuka, likaongeza mwendo. Likaruka njia, nikaruka njia. Likapita kwenye maharage, nikapita kwenye maharage, likapita mbele ya mlango wa mukecuru nami nyuma yake kama askari na mwizi, mpaka likafika chini, likagonga shina la mti wa chini, likatulia katikati ya wenzake mia.

Nikasimama nahema. Nikatazama juu kwenye mti ule wa chini. Matunda yake yako palepale kwenye matawi, yamejipinda, yamebana, yameshika kama wageni waliokataa kurudi kwao. Hata moja halijadondoka. Na gamba huko juu ni jekundu jekundu, linabanduka.

Mukecuru alikuwa mlangoni anacheka mpaka ameshika ukuta.

"Ayiwee! Kijana wangu unashindana mbio na kuni zangu?"

"Mukecuru, haya matunda yanatoka juu?"

"Yanatoka juu kila siku. Mimi nayaokotea huko chini, nawasha jiko. Mlima unanibebea."

"Na mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza mti unaolia. Hukuniuliza matunda yanalala wapi."

Mukecuru akaniachia mti wa chini kwa matawi yake tu, tukauangusha siku ileile. Nikawaambia wapasuaji wapasue mbao nyembamba, na kukausha nikaenda kumwomba mwoka mikate wa mtaani aniruhusu kuzipanga juu ya tanuri lake. Zikakaa pale wiki mbili. Zilinukia mkate kiasi kwamba kila mtu aliyepita karakana aliingia kuuliza bei ya nusu kilo.

Sasa hapa ndipo ningekuwa mtu mwenye akili hadithi ingeisha. Lakini zile mbao za mliaji nilikuwa nimezikwangua ulimbo, nikazipiga randa, nataka kumpa mtu wa mabanda ya kuku. Nikaziweka uani zipate upepo. Nikatoa na hizi za mpole uani, kundi la kulia, kundi la kushoto. Mvua ikaja. Mvua ya Kigali haitumi barua kwanza. Mimi, patroni na goti lake, muuza nyama, mwoka mikate, kila mtu akakamata ubao, akatupa ndani. Mvua ilipoacha, mbao zilikuwa rundo moja.

Nyeupe zote. Nyembamba zote. Hata za kuku zilikuwa zimeshika harufu ya mkate. Na mbao haina sindano ya kuhesabu, haina tunda.

Patroni akaziinua moja moja, akanusa, akagonga. "Hii mpole. Hii mliaji. Hii... hapana, ile ndiyo hii." Akaweka chini. "Machozi makubwa yameshatoka. Yaliyobaki ndani ni kidogo, jicho halioni. Yatakuja kutoka baada ya harusi."

Zilibaki siku sita. Nikaenda nyumbani, nikamkuta dada mlangoni, mafuta yako motoni. Nilikuwa nimeandaa uongo wa kutosha watu wanne. Nikautupa. Nikamwambia kweli yote: juu, chini, mvua, rundo. Nikamwambia, "Dada, nunua kabati kwa mtu mwingine. Mimi nimechanganyikiwa."

Akaepua mafuta. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kimoja cha kroshe, kile cha katikati, kikubwa kuliko vyote. Akatafuta ncha ya uzi, akaivuta. Kitambaa kikaanza kufumuka.

"Dada, unafanya nini!"

"Jicho halioni. Uzi wangu utaona."

Miezi mitano ilifumuka palepale mlangoni muda wa kunywa chai. Nilitaka kumshika mkono, sikuthubutu. Akakata uzi vipande vipande, urefu wa kiganja. Saa sita mchana tukatandaza mbao zote kwenye mabati, na juu ya kila ubao dada akalaza uzi mmoja mweupe, akaukandamiza kwa kidole gumba. Tukangoja chini, yeye, mimi na patroni. Hakuna aliyefanya utani. Mimi! Sikufanya utani saa mbili nzima, waulize.

Saa nane tukapanda. Dada akawa anapuliza kila uzi. Fuu, uzi ukiruka, anasema, "Kabati." Fuu, uzi ukibaki umelala, anasema, "Kuku."

"Kabati. Kabati. Kuku. Kabati. Kuku. Kuku."

Ubao mmoja uzi uliruka upande mmoja, upande mwingine ukabaki. Tukatazamana. "Kuku," akasema dada.

Nikapiga kabati usiku na mchana, na nikisema usiku nasema mpaka saa ya kukatazwa kutoka, kwa sababu ya hali ya wakati ule. Likaisha siku moja kabla ya harusi. Jioni ile nikampelekea mukecuru kigoda na benchi yake, na tulipokuwa tunaagana akateremka kwenye miti ya chini, akainama, akachagua tunda moja zuri, zito, bado limefumba, linang'aa. "Mpelekee bibi harusi," akasema. "Aweke nyumbani, ni la miti ya mume wangu."

Nikafurahi sana. Tunda kutoka kwa mti wa chini! Ndugu wa kabati! Siku ya harusi, kabati liko juu ya gari, milango wazi, vitambaa saba vyeupe vimetandikwa, mimi nikalisimamisha lile tunda juu ya kitambaa cha rafu ya juu. Mtaa wote uliliona. Jua lilikuwa kali kutoka Rwezamenyo mpaka Kicukiro, gari linakwenda polepole kwa ajili ya ngoma.

Tukafika. Shangazi wa bwana harusi, mama mrefu mwenye miwani, akasimama mbele ya kabati. Akapitisha mkono rafu ya chini. Kavu. Akainua kitambaa, kikainuka chepesi kama unyoya. Rafu ya pili. Ya tatu. Mimi kifua kinapanuka mpaka kifungo cha shati kimoja kikaruka. Akafika juu.

"Na hili nini?"

"Tunda la mti uliotoa kabati hili, shangazi," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka Uganda.

Akalishika, akaliinua. Kitambaa kikainuka nalo. Akalitikisa. Kitambaa kikatikisika, kimening'inia chini yake kama ndevu za mzee.

Nikamtazama dada. Alikuwa amekaa na shela yake, ananitazama mimi tu. Nikatazama mlango uko wapi.

Kutoka nyuma nikasikia sauti ya patroni, waliyemleta kwa teksi na goti lake. "Lina kikonyo! Linang'aa! Wewe mtoto, tunda hilo umelitoa wapi?"

"Chini," nikasema.

"Na lilianguka kutoka wapi?"

Mlima mzima wa Gisozi ukapita kichwani mwangu, na maharage yake.

Dada akainuka. Bibi harusi hainuki hapo, lakini yeye aliinuka. Akachukua tunda mkononi mwa shangazi, na kitambaa kikining'inia, akaja mpaka kwangu, akanipa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi nikadhani analia, nikawaza, basi, ndiyo habari yako, mtu na mtu. Aliponikaribia nikaona ni kicheko, anakibana kwa meno yote kwa sababu ya shangazi.

"Kabati limekaa kimya," akaninong'oneza. "Hili ni lako. Jumapili uje kula. Lakini usije na kitu chochote cha mti."

Kabati lile lilipotea baadaye, pamoja na nyumba, katika miezi ile ya mwaka wa tisini na nne ambayo mimi sina utani nayo. Dada yupo. Kitambaa kiko kwangu, na tunda lingali limekishika, halijakiachia mpaka leo. Kila dada akija Ijumaa anakiinua, ananiuliza, "Mdogo wangu, hili tunda ni la mti gani?"

"La juu."

"Ulilipata wapi?"

"Chini."

"Una hakika?"

Na mimi, Wallahi, kila akiniuliza hivyo lazima nifumbe macho kwanza, nilifuate tena likibiringika.